Manseba na Mpaka wa Zamani: Pikipiki katika Ramani ya Lubumbashi

Zaidi ya mara moja mamlaka za Lubumbashi zimekataza pikipiki za abiria kuingia katikati ya mji, na nyakati nyingine kutembea usiku. Sababu ni zile zile: ajali, wizi, fujo barabarani. Watetezi nao hujibu kwa ajira ya vijana na unafuu wa safari. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinahesabu mwendo wa chombo na kusahau mpaka kinachouvuka.

Tuanze na chombo chenyewe. Kiswahili cha hapa hukiita moto, wingi mamoto. Mgeni kutoka Dar es Salaam akisikia "moto inakuya" huenda akakimbilia ndoo ya maji. Skuta yenye magurudumu ya inchi 10 au 12 hupendeza kwenye lami, lakini masika yakianza Novemba, vichochoro vya Katuba na Ruashi huimeza. Gurudumu la moto, la inchi 17 au 18, hupita. Taksi-basi huishia lami inapoishia. Kutoka hapo mama hupanda moto, gunia la unga limelala juu ya tangi mbele ya dereva, mtoto amebanwa katikati yao, mpaka mlangoni kwake. Hapo hakuna mshindani ila miguu.

Sasa ramani. Élisabethville, kama mji huu ulivyoitwa zamani, ilianzishwa 1910, na Wabelgiji wakautenga mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika kwa ukanda mtupu, wakisema wanazuia malaria. Kati ya makazi hayo ya Waafrika, Kamalondo ikapangwa kuanzia 1921, mtaa wa Kenya 1929, Katuba miaka ya 1950, kila moja mbali zaidi na mji kuliko iliyotangulia. Usiku, Mwafrika alihitaji kibali kuonekana upande wa Wazungu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huu kwa sauti ya maboi, yaani watumishi wa nyumbani, watu ambao kazi yao ilikuwa upande mmoja na kitanda chao upande mwingine. Wanahistoria hawabishani juu ya utengano huo. Wanaobisha ni wanaodai kwamba uliisha pamoja na ukoloni. Ukanda ulijengwa, ni kweli, lakini umbali haukupungua: ofisi, benki na maduka makubwa bado yako upande ule, na wengi wa wanaoyahitaji wanalala upande huu. Amri inayomshusha abiria ukingoni mwa mji na saa inayomzuia usiku zinafuata mistari ile ile. Sidai kwamba waandishi wa amri wanakusudia hivyo. Nadai kwamba matokeo hayatofautiani sana.

Ajali ni za kweli, wala sizipunguzi. Lakini mfupa uliovunjika unadai kofia ngumu, leseni na namba ya usajili. Haudai mstari kwenye ramani, maana lami ya kitongoji cha Kampemba huvunja mfupa sawasawa na lami ya mjini.

Linabaki jina la madereva. Manseba ni neno la Kiluba cha Kasai, mjomba, kaka wa mama. Katika eneo ambalo Wakasai walifukuzwa kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990, jina hilo kupewa kila dereva wa moto, hata Mbemba au Msanga, wenyeji wa hapa, si utani mtupu. Linamtambulisha kama mtu aliyetoka kwingine. Nashuku kwamba sehemu ya hasira dhidi ya "fujo za mamoto" ni swali la zamani, nani ni mwenyeji hapa, likiwa limevaa sare ya polisi wa barabarani.

Basi ombi langu kwa meya na gavana ni dogo: kofia mbili kwa kila moto, na vituo vya kuegesha vichorwe ndani ya mji, karibu na posta na soko, si nje yake.