Majaribio ya Ekzosi za Kuongeza Nguvu kwenye Boti za Kasi

Ekzosi ya kuongeza nguvu ni seti ya mabomba ya moshi inayofungwa mahali pa ile ya kiwandani ili injini ya boti ipumue vizuri zaidi. Kuijaribu ni kupima kama nguvu imeongezeka kweli, imeongezeka kiasi gani, na kwa gharama ipi. Kazi hii imeshika mizizi hasa Marekani, ambako boti nyingi za michezo huendeshwa na injini za V8 zilizotokana na injini za magari ya General Motors, zikafungwa ndani ya boti na kuunganishwa na mguu wa propela unaotokeza nyuma ya tezi. Kampuni ya Mercury Marine ya Wisconsin, iliyoanzishwa na Carl Kiekhaefer mwaka 1939, ilitoa mfumo wake wa aina hiyo, MerCruiser, mwaka 1961.

Katika gari, mabomba ya moshi hupozwa na upepo. Katika boti, injini imefungiwa chumba kimoja na mvuke wa petroli, na bomba lenye joto kali linaweza kuwasha moto. Ndiyo maana manifodi ya boti, yaani kikusanyio cha moshi wa silinda, ina kuta mbili, na maji hupita katikati. Mbele kidogo, kwenye kiwiko, maji hayo humwagwa ndani ya moshi, yakaupoza na kupunguza kishindo chake, kisha vyote viwili vikatoka pamoja. Mashine za kufunga nje, zile zinazosukuma boti za wavuvi na watalii Zanzibar na Ziwa Victoria, zimejengewa njia ya moshi ndani ya mguu wake, hivyo fundi hana mengi ya kubadilisha. Uwanja wa ekzosi hizi ni injini za ndani.

Manifodi ya kawaida hukusanya moshi wa silinda 4 katika chumba kimoja. Ile ya kuongeza nguvu huipa kila silinda bomba lake. Moshi unapofyatuka hutuma wimbi la msukumo bombani, na wimbi hilo likifika mwisho wa bomba hurudi likiwa la mvuto. Likiifikia injini katika muda ule mfupi ambapo vali ya kuingizia na ya kutolea zote ziko wazi, hunyonya mabaki ya moshi na kuvuta hewa mpya. Urefu wa bomba huamua jambo hilo litokee kwa mizunguko mingapi ya injini kwa dakika, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa kwa idadi moja tu ya mizunguko hakina thamani kubwa.

Mvuto huohuo una ubaya wake. Injini ikiwa taratibu, hasa yenye kamshafti ya mashindano, unaweza kuyarudisha maji kutoka kwenye kiwiko hadi ndani ya silinda. Maji hayagandamiziki kama hewa, nayo yakijaa silinda hupinda mkono wa pistoni. Yakiingia kidogokidogo, tena ya chumvi, hula vali kwa kutu. Kwa sababu hiyo jaribio la kwanza la ekzosi mpya lingepaswa kuwa la kuiacha injini iungurume taratibu kwa muda mrefu, kisha kuchungulia matundu ya moshi kwa kamera ndogo. Wengi hukimbilia mwendo wa juu.

Nguvu yenyewe hupimwa kwa dinamomita. Ile inayotumia maji kuizuia injini ilibuniwa na mhandisi Mwingereza William Froude mwaka 1877 ili kupima injini za meli za kivita, hivyo ina asili ya baharini. Matokeo yake hurekebishwa kulingana na hali ya hewa: kanuni ya SAE J1349 ya Marekani huyapeleka kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na kanieneo ya kilopaskali 99. Lakini injini iliyopimwa karakanani kwa mabomba makavu yaliyo wazi si ile itakayokwenda majini na viwiko, sailensa na maji yake. Tarakimu ya tangazo isiyosema ilipatikana kwa ekzosi ipi hasa haifai kuaminiwa.

Majini hesabu hubadilika. George Crouch, msanifu wa boti ya Baby Bootlegger iliyotwaa kombe la mbio za boti la Gold Cup mwaka 1924 na 1925, aliacha kanuni inayotumika hadi leo: kasi ya boti inayoteleza juu ya maji hufuata kipeuo cha pili cha nguvu iliyogawanywa kwa uzito. Injini ya nguvu farasi 350 ikipanda hadi 370, boti ya kilomita 100 kwa saa hupata chini ya kilomita 3 tu. Sasa tuchukue boti hiyo ikiwa na uzito wa kilo 2,000, pamoja na lita 200 za petroli. Mafuta hayo yana uzito wa takriban kilo 150, na yakiisha yote, kanuni hiyohiyo inaipa boti karibu kilomita 4 za ziada. Tangi lililopungua linaweza kuficha kazi yote ya ekzosi, au kuisifia bure.

Kwa hiyo jaribio la haki huanza na mafuta yaleyale, watu walewale, propela ileile na chombo kisicho na uchafu chini. Kasi husomwa kwa GPS kwenda na kurudi, kisha wastani huchukuliwa ili upepo na mkondo vifutane. Hatua yenye thamani kuliko zote ni ile inayokwepwa zaidi: kurudisha ekzosi ya zamani na kupima tena. Kasi ya mwanzo isiporudi, kilichobadilika si ekzosi peke yake. Boti zenye vali ya kuchagua njia, kama Captain's Call ya kampuni ya Corsa, zina nafasi nzuri zaidi, kwani nahodha hubonyeza swichi na moshi hupita kwenye kitovu cha propela au moja kwa moja nyuma, hali ya hewa ikiwa ileile.

Propela nayo ni shahidi. Propela ya inchi 23 ingesogea inchi 23 kwa kila mzunguko kama isingeteleza majini. Injini ikizunguka mara 4,800 kwa dakika na gia ikipunguza kwa uwiano wa 1.5, kasi ya nadharia ni kilomita 112 kwa saa. GPS ikionyesha 100, utelezi ni karibu asilimia 11. Mizunguko ikipanda bila kasi kupanda, propela inateleza zaidi.

Mchanganyiko wa hewa na petroli lazima ufuatiliwe pia. Injini inayopitisha hewa zaidi bila kuongezewa mafuta hupata joto la kuweza kutoboa pistoni. Sensa ya oksijeni hufungwa kabla ya mahali maji yanapoingia, kwa kuwa maji huiharibu. Gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ipimwe kwenye viti vya nyuma, kwani boti ikienda huweza kuvuta moshi wake yenyewe ndani.

Kelele ina sheria zake. Umoja wa Ulaya, tangu agizo la mwaka 2003, umeweka kikomo cha desibeli 75 kwa injini moja inayozidi kilowati 40. California inaruhusu desibeli 88 kwa injini zilizotengenezwa kuanzia 1993, boti ikiwa imesimama. Marekani, injini mpya za ndani za petroli za mwaka 2010 na kuendelea huuzwa kwa kawaida zikiwa na kichocheo cha kusafisha moshi, na kukiondoa ni kosa kisheria. Kwa hiyo sehemu kubwa ya soko la ekzosi hizi imebaki kwenye injini za zamani na boti za mashindano.