Nyasi za uani: panda zinazoivumilia Pwani

Nilipotaka nyasi mbele ya nyumba, nilileta zile za Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu, kwenye baridi. Katika mchanga na joto letu zilitaka maji kila jioni, na mfereji ukikauka sisi hununua maji kwa mtungi. Nyasi haziwezi kunywa kabla ya watoto. Niliziacha zife.

Tangu hapo naangalia mambo mawili: kivuli na chumvi.

Chini ya mwembe au mnazi, panda nyasi za Pemba. Zina majani mapana, hutambaa zenyewe, na huvumilia kivuli na upepo wa bahari.

Penye jua kali, ukoka watosha. Kiangazi hukauka juu, lakini mvua ikinyesha huchipua tena. Ubaya wake, kivulini hudhoofika, na huvamia bustani ya mboga.

Kisima kikiwa na maji ya chumvi, tafuta paspalamu, nyasi ya ufukweni. Huistahimili chumvi kuliko ukoka.

Changanya mchanga na samadi iliyooza, kisha panda vipande vyenye vifundo, shubiri moja moja, masika yanapoanza. Mwagilia hadi vishike, halafu punguza. Usikate hadi chini kabisa, jua litaikausha ardhi.

Kabla ya kununua, tazama kwa jirani asiyemwagilia. Zilizobaki kijani pale ndizo zitakazokufaa. Muombe vipande, hakuna atakayekunyima.