Walioteremka Suguta

Kwenye kundi letu neno karao halipiti bila tusi, na mimi sijawahi kulitetea. Juni 25, 2024 nilikuwa katikati ya Nairobi. Nilikimbia moshi kama wengine, na wapo vijana waliopigwa risasi siku hiyo ambao hawakurudi nyumbani. Ndiyo maana nilipomwambia rafiki yangu kwamba naandika kuhusu polisi waliouawa wakiwa kazini, aliniuliza, "Kwani wewe umenunuliwa?"

Sijanunuliwa na mtu. Ni Baragoi tu ambayo imekataa kunitoka kichwani.

Kama ulikuwa mdogo, ilikuwa hivi. Novemba 10, 2012, siku ya Jumamosi, polisi wa vikosi mbalimbali pamoja na polisi wa akiba waliingia Bonde la Suguta, kaunti ya Samburu. Walikuwa wanafuata mifugo ya Wasamburu iliyoibwa na wavamizi wa Kiturkana, na tayari kulikuwa na damu: siku chache kabla, watu kadhaa walikuwa wameuawa katika vita vya mifugo hiyo hiyo. Suguta si mahali pa kwenda kubahatisha. Liko kusini mwa Ziwa Turkana, ni bonde la mawe ya volkano na mchanga, mojawapo ya sehemu zenye joto kali zaidi nchini, na wenyeji wamezoea kusikia likiitwa Bonde la Mauti. Anayelijua hukaa juu. Asiyelijua hupita chini.

Polisi walipita chini. Wavamizi walikuwa wanawasubiri wakiwa na bunduki, na kufikia mwisho zaidi ya 40 kati yao walikuwa wamekufa. Tangu uhuru, polisi wetu hawakuwa wamewahi kupoteza watu wengi hivyo kwa shambulio moja. Wengi walikuwa makurutu wa juzi tu, vijana waliotoka mafunzoni na huenda hata mshahara wa kwanza walikuwa bado hawajazoea kuupanga. Ilichukua siku kadhaa kuitoa miili yote. Hapo ndipo mimi hukwama kila mara: siku kadhaa, kwenye jua lile, huku mama fulani akipiga simu ambayo haipokelewi.

Sasa, tukiuliza ni nani aliyewaua, jibu la haraka ni majangili, na ni kweli. Lakini hadithi ilianza zamani. Mkoloni aliifanya Samburu na Turkana kuwa maeneo yaliyofungwa. Huwezi kuingia wala kutoka bila kibali. Hakujenga barabara za maana wala shule za kutosha, alituma tu askari wa kutoza kodi na kuadhibu. Serikali huru ilirithi mtindo huo karibu wote. Kisha 1979, Idi Amin alipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto kule Uganda liliporwa, na bunduki zikaenea Karamoja na kuvuka mipaka. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Kijana aliyetumwa Suguta 2012 alikuwa anatumwa kulipa deni la miaka mingi, na sidhani kuna aliyemweleza.

Baada ya mauaji, Rais Kibaki alipeleka jeshi. Familia nyingi zisizo na hatia zilikimbia makwao kwa kuogopa operesheni. Miaka miwili baadaye, 2014, polisi wapatao 20 waliuawa karibu na Kapedo, kwa kuviziwa vilevile. Yaani somo la Suguta halikuwafikia hata majirani wa Suguta.

Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za shaba za 1928, za Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimepita pale mara mia nikikimbilia matatu. Maandishi yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawasifu, ila hakuna jina la yeyote kati yao. Wale walikuwa wanajeshi na wapagazi, najua, si polisi. Lakini tabia ya kumsifu askari kwa jumla bila kumtaja tumeishika vizuri. Hata mimi, jaribu kuniuliza majina matatu ya waliokufa Baragoi. Nimebaki na idadi tu.

Simwondolei lawama polisi aliyemlenga kijana asiye na silaha. Ajibu mahakamani, yeye na aliyemwamuru. Ila naona mkono mmoja ukiwatuma wote wawili, yule wa barabarani na yule wa bondeni, na mkono huo haujawahi kuulizwa vya kutosha. Bendera juu ya jeneza na hotuba ya dakika kumi si heshima kama hakuna anayeeleza nani alipanga safari ile, na kwa habari gani.

Rafiki yangu amesoma rasimu hii. Aliuliza walikuwa na umri gani. Nikamwambia wengi walikuwa wadogo kwetu sisi wa leo.

Akanyamaza kidogo. "Bado siwapendi," akasema.

Nikamwambia sikuwa nimemwomba awapende.