Ziwa Likibadilika Rangi

Mkulima wa Simbo anaweza kudhani kwamba Ziwa Tanganyika ni shauri la wavuvi wa Ujiji. Historia inatufundisha vingine.

Ziwa hili linasifika kwa maji maangavu, lakini nalo limewahi kugeuka kijani. Mwaka 1956 mtaalamu wa Kibelgiji, J.J. Symoens, aliandika juu ya mwani uliotanda upande wa kaskazini. Hapo hapakuwa na wa kulaumiwa. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huyasukuma maji ya juu, na maji ya chini yenye rutuba hupanda. Upepo ukitulia, mwani hustawi kwa muda, kisha hutoweka.

Ziwa Victoria lina habari nyingine. Misitu ilifyekwa, miji ikapanuka, udongo na maji machafu vikaingia ziwani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mwani ulikuwa umetawala. Mwani ukifa huzama, na kuoza kwake humaliza oksijeni. Samaki wa chini hukosa pumzi. Mamia ya aina za furu zilitoweka. Ni kweli, sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 aliwala wengi. Lakini mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha balaa jingine: furu jike humchagua dume kwa rangi yake, na katika maji yaliyochafuka hamwoni sawasawa. Aina zikachanganyika, nyingine zikapotea bila hata kuliwa.

Tanganyika nalo lina mamia ya aina za samaki wa rangi wasiopatikana kwingine duniani. Kina chake ni mita 1,470, lakini kwenye vilindi hakuna oksijeni. Samaki hutegemea tabaka la juu tu. Tena maji yana mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga huko Kongo. Kinachoingia leo kitakaa mamia ya miaka. Na udongo unaosombwa na mto Luiche humwagikia ziwani kusini tu mwa Ujiji.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 za kingo za mto na ziwa zisiharibiwe kwa shughuli za binadamu. Mkulima huziona mita hizo kuwa hasara. Awaulize wavuvi wa Mwanza furu walikwenda wapi, ndipo apige hesabu upya.