Malaria: Kimelea kinavyoikata damu ili kipate chakula

WAKAZI wa Masimba, katika nyanda za juu za Kisii, huijua malaria kama ugonjwa wa msimu. Baada ya mvua ya masika wagonjwa huongezeka, na kwa kuwa miili ya wengi haijauzoea ugonjwa huo, hata watu wazima huweza kulemewa vibaya. Mwaka 1999 mkurupuko mkubwa uliikumba Gucha, iliyokuwa wilaya jirani.

Ukali huo unatokana na ulaji wa kimelea ndani ya damu. Mwili wa binadamu una vimeng'enya vingi vya kukata protini. Pepsini, kwa mfano, huanza kusaga nyama na maharagwe tumboni, na vingine husaidia damu kuganda mtu anapojikata. Kimelea cha malaria nacho kina vyake, vikiwemo plasmepsini na falsipeini. Kikishaingia katika chembe nyekundu, huvitumia kukatakata himoglobini, protini inayosafirisha oksijeni, na humaliza zaidi ya nusu yake. Hatimaye chembe hupasuka. Mgonjwa hupata homa na kupungukiwa damu.

Hata hivyo, mlo huo una sumu. Himoglobini ikikatwa hubaki himu, sehemu yenye madini ya chuma, ambayo kimelea hulazimika kuigeuza fuwele ili isikidhuru. Klorokwini ilifanya kazi kwa kuzuia jambo hilo, hadi vimelea vilipoizoea na Kenya ikaiacha mwaka 1998. Dawa mseto iliyoidhinishwa mwaka 2004 ina atemeta, ya jamii ya atemisinini, ambayo huamshwa na chuma cha himu hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, kimelea hujiwashia moto kwa kula.

Hapo ndipo penye wasiwasi. Vimelea vyenye mabadiliko katika jeni ya Kelch 13 humeza himoglobini kidogo vikiwa vichanga, hivyo dawa haiamki vya kutosha. Vimelea vya aina hiyo vilithibitishwa Rwanda mwaka 2020 na Uganda mwaka 2021, na mbu na wasafiri hawajui mipaka.

Kwa mtu mzima dozi ni tembe 24 kwa siku tatu, nne kila mara. Tembe hizo zimezwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwani lumefantrini, dawa ya pili iliyomo, hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu.