Nyota za Kufanyizwa na Njia za Nyika

Mwezi wa Desemba, mwaka 2012, polisi wa jimbo la Victoria, katika nchi ya Australia, walitoa onyo la ajabu. Waliwasihi madereva waendao mji wa Mildura wasiifuate ramani mpya ya simu za mkononi iliyotolewa na kampuni ya Apple miezi mitatu kabla. Ramani hiyo iliuweka mji kiasi cha kilometa 70 kutoka mahali pake, katikati ya nyika ya Murray-Sunset, ambako hakuna maji, na joto laweza kufika digrii 46. Watu kadhaa walikuwa wamekwama humo, wengine kwa muda wa saa 24 bila chakula wala maji, na wengine walitembea mwendo mrefu wa hatari hata wakafika mahali ambapo simu iliweza kupata mtandao.

Msomaji aweza kudhani ya kwamba setilaiti, yaani nyota zile za kufanyizwa ziiongozazo simu, ndizo zilizokosea. Sivyo. Ili tuone kosa lilikuwa wapi, yatupasa kwanza tujue jinsi zilivyopata kuwako.

Tarehe 4 Oktoba, 1957, Warusi walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza. Siku chache baadaye wataalamu wawili wa maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huko Marekani, William Guier na George Weiffenbach, walikaa wakiisikiliza sauti yake redioni. Waling'amua kuwa ilipowakaribia sauti ilikuwa nyembamba, na ilipokwenda zake ikawa nzito, kama honi ya garimoshi lipitalo stesheni bila kusimama. Kwa mabadiliko hayo peke yake walipiga hesabu wakaijua njia ya setilaiti angani. Mwaka uliofuata mkubwa wao, Frank McClure, aliligeuza jambo hilo kichwa chini miguu juu: ikiwa mtu ajuaye aliposimama aweza kujua setilaiti iliko, je, mtu aliyepotea, akijua setilaiti iliko, hawezi kujua alipo yeye mwenyewe? Swali hilo, kwa maoni yangu, ndilo shina la habari yote.

Jeshi la majini la Marekani ndilo lililofaidika kwanza, kwa ajili ya nyambizi zake. Mpango mkubwa zaidi, uitwao GPS, ulikubaliwa mwaka 1973, na setilaiti yake ya kwanza ikarushwa Februari, 1978. Bado ilikuwa mali ya askari. Kisha, tarehe 1 Septemba, 1983, ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotea njia ikaingia anga la Urusi ya Kisovieti, ikatunguliwa, na watu 269 wakafa. Rais Reagan akaahidi kwamba mpango huo utakapokuwa tayari, raia wa dunia nzima watautumia bila malipo. Ulikamilika mwaka 1995. Lakini jeshi lilikuwa likiyavuruga kusudi mawimbi ya raia, hata Mei, 2000, uvurugaji huo ulipokomeshwa. Miaka michache baadaye chombo hicho kikaingia katika simu za mfukoni.

Kazi yake ni nyepesi kusimulia. Kila setilaiti, iliyo juu kiasi cha kilometa 20,200, hutangaza mambo mawili tu: mahali ilipo, na saa yake. Wimbi lake hwenda kilometa 300,000 kwa sekunde, na simu hupima limechelewa kiasi gani. Kukosea sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kukosea mita 300. Kwa hiyo zatakiwa setilaiti nne, tatu za kutafuta mahali na ya nne ya kuisahihisha saa dhaifu ya simu. Simu yenyewe haiiambii setilaiti neno lolote, husikiliza tu. Ndiyo maana hata porini, pasipo mtandao wowote, yajua ilipo.

Walakini ramani haitoki mbinguni. Imechorwa na watu, na mara nyingi simu huileta kwa mtandao kipande kwa kipande. Asiyeihifadhi kabla ya kuondoka nyumbani huona nukta yake ikielea juu ya karatasi tupu.

Sasa turudi Mildura. Katika orodha rasmi ya majina ya mahali ya Australia yalikuwamo majina mawili: mji wa Mildura, na wilaya ya Mildura, ambayo alama yake iliwekwa katikati ya eneo lake lote, nyikani. Yaelekea wachora ramani walichukua alama ya wilaya wakaifanya mji. Setilaiti zilisema kweli mwanzo hata mwisho. Zilimwonyesha dereva kwa uhakika jinsi alivyokuwa akiikaribia nyika. Wako waliomcheka. Mimi sioni haki ya kumcheka, maana sauti iliyosema kweli mara mia ni vigumu kuishuku mara moja.

Bonde la Death Valley, huko California, lilikuwa na kosa la namna nyingine. Mwaka 2009 mama mmoja na mwanawe wa miaka sita, wakiongozwa na chombo cha GPS, walikwama mchangani siku tano wakati wa joto kali, na mtoto akafa. Baada ya misiba ya namna hiyo, mlinzi mmoja wa hifadhi alijitwika kazi ya kuzipita njia za mbali, moja baada ya moja, akizilinganisha na ramani za vyombo hivyo. Alikuta barabara zilizokwisha fungwa miaka mingi zingali zimechorwa humo kama zilizo wazi, akawapelekea habari wachora ramani ili wazifute.