Neno Lisilo na Shahidi

Hapa kwetu Makongolosi, tangu dhahabu ilipoonekana katika nchi ya Lupa mwaka 1922, kuna jambo ambalo hata mtoto mdogo hulijua. Mtu akipata mahali pa kuchimba, haifai aseme tu, "Hapa ni pangu." Hana budi kupiga vigingi pembeni na kuandikisha jina lake, ili mwingine akija na kuuliza, apate jibu. Pasipo kigingi pana ugomvi. Nasi tumeona ya kuwa neno la historia nalo ni vivyo hivyo: lisipotiwa alama ya mwenyewe, kila mtu hulichukua, na hakuna awezaye kulitetea.

Tumelijua jambo hili kwa hasara yetu wenyewe. Miaka mingi iliyopita tuliwakusanya wazee, tukawaomba watueleze jinsi kijiji kilivyoanza. Walisema kwa siku nyingi, nasi tukaandika daftari zima. Tulifurahi sana, tukadhani tumeiokoa historia. Hata siku moja jamaa mbili wakagombania chemchemi, kila upande ukidai ya kuwa babu yao ndiye aliyetangulia kuteka maji pale. Wakaja kwetu wakasema, "Walimu, lifungueni lile daftari." Tukalifungua. Tukakuta habari mbili zisizopatana, kurasa chache tu kati yao, na hapakuwa na jina la msemaji hata mmoja. Ni nani aliyesema hili, na ni nani aliyesema lile? Je, aliona kwa macho yake, au alisikia kwa baba yake? Hatukuweza kujibu. Wazee wale wengi wamekwisha kufa. Daftari letu lilikuwa na maneno mengi, lakini halikuweza kusimama barazani kuwa shahidi.

Tena jambo hili si la kijiji kimoja. Tazameni habari za jirani zetu wa Iringa. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani huko Lugalo mwezi wa Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ikatwaliwa mwaka 1894. Naye akajiua kwa bunduki tarehe 19 Julai 1898 asije akakamatwa. Kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliamuru katika sharti lake la 246 ya kuwa Ujerumani itoe fuvu la Mkwawa na kuwapa Waingereza katika muda wa miezi 6. Lakini halikutolewa. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining akaenda mwenyewe mpaka nyumba ya makumbusho ya mji wa Bremen. Akakuta mafuvu mengi sana, wala hapakuwa na karatasi ya kusema kwa hakika, "Hili ndilo la Mkwawa." Basi ikawa kazi ya kupima. Walilinganisha vipimo vya mafuvu na vipimo vya vichwa vya jamaa zake, wakatafuta na tundu la risasi, hata wakachagua moja. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, pale Kalenga. Wahehe walilipokea kwa heshima kubwa. Lakini wako wataalamu wanaouliza hata leo kama ndilo kweli. Angalieni basi: laiti mtu mmoja mwaka 1898 angaliandika kipande kidogo cha karatasi na kukifunga pamoja na kitu kile, shaka hiyo isingalikuwako.

Labda msomaji atasema, "Hayo ya kutaja asili ya neno ni kazi ya watu wa vyuo vikuu, si yetu." Lakini, ndugu, wewe hulifanya kila Jumapili. Mhubiri akitaja neno la Maandiko, husema kitabu, sura na aya, nawe hufungua na kuona kama amesema kweli. Alama hizo hazikuwako tangu mwanzo. Sura tunazotumia zasemwa kuwa ni kazi ya Stephen Langton, aliyekuwa mwalimu Paris na baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, katika miaka ya kwanza ya karne ya 13. Aya za Agano Jipya zilitiwa hesabu na Robert Estienne, mpiga chapa, mwaka 1551. Tangu hapo mkulima aliye Chunya na mwalimu aliye London waweza kuliona neno lile lile mahali pale pale, ijapokuwa vitabu vyao ni vya lugha mbalimbali. Na hao waandishi wa Maandiko wenyewe walitaja vitabu walivyovitegemea: kitabu cha Yoshua chataja kitabu cha Yashari, na Luka aanza Injili yake kwa kueleza ya kuwa amepokea habari kwa watu walioona kwa macho.

Watu wa pwani nao wameijua elimu hii zamani sana. Wanazuoni wa Kiislamu, wakipokea habari za Mtume wao, hutaja mnyororo wa wasemaji: fulani alisikia kwa fulani, naye alisikia kwa fulani. Kiungo kimoja kikiwa dhaifu, mnyororo wote hutiliwa shaka. Tena fikirini habari za wafalme wa Kilwa. Mreno João de Barros alizieleza katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1552, akasema ya kuwa amezitoa katika tarehe ya wafalme wa mji ule. Baadaye nakala ya Kiarabu ya habari za Kilwa ilipatikana Unguja, nayo ikapigwa chapa Uingereza mwaka 1895. Kwa kuwa Barros alikuwa ametaja asili ya maneno yake, wenye elimu waliweza kuyaweka maandiko hayo mawili pamoja na kuona yanapopatana na yanapotengana. Kama angalinyamaza, tungalidhani ya kuwa ametunga mwenyewe.

Sasa tuseme juu ya namna ya kuandika. Mwisho wa kitabu cha elimu huwa na orodha ya vitabu alivyovitumia mwandishi, vikipangwa kwa herufi za majina. Kila kitabu huandikwa jina la mtungaji, mwaka, jina la kitabu, mji na mpiga chapa; na ndani ya maneno yenyewe hutiwa alama fupi ya kumpeleka msomaji kwenye orodha. Desturi ya kutia jina na mwaka katika mabano yasemwa kuwa ilianzwa na Edward Laurens Mark, mwalimu wa Harvard huko Marekani, mwaka 1881. Chuo Kikuu cha Chicago kilitoa kitabu cha kanuni mwaka 1906, na wataalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani walitoa kanuni zao mwaka 1929. Kanuni hizo hazifanani: huyu ataka nukta, huyu ataka mkato. Wanafunzi wengi huhangaika kwa nukta hizo, wakasahau maana yake. Maana ni moja tu: msomaji aweze kuifuata njia ile ile uliyopita. Ukichagua kanuni moja, ishike toka mwanzo hata mwisho, yatosha.

Hata hivyo kanuni hizo zilitungwa na watu ambao jina la ukoo huja mwisho, na kwetu sivyo siku zote. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi, zilizopigwa chapa katika mtambo wa misheni huko Magila. Je, tumweke chini ya Abdallah, au chini ya Hemedi, ambaye ni baba yake wala hakukiandika kitabu? Sisi twaona ni heri kumwandika kama alivyojiita mwenyewe, wala tusimpe baba sifa ya kazi ya mwana.

Na tufanye nini kwa wazee wasioandika? Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuuliza habari za vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 mpaka 1907, wakaandika ushuhuda wa wazee. Hivyo maneno ya mkulima yaliingia katika vitabu vya historia pamoja na barua za magavana. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo katika daftari la shilingi chache. Andika jina la mzee, kijiji chake na ukoo wake. Andika siku na mahali mlipokaa. Andika kama aliona au alisikia, na kama alisikia, kwa nani. Wazee wawili wakitofautiana, andika yote mawili, wala usiyachanganye ili yapendeze. Tena mwombe ruhusa, kwa maana jina lake ni mali yake.

Baada ya shauri la chemchemi tulilichukua daftari letu, tukazunguka nalo nyumba kwa nyumba. Tuliwasomea wale waliosalia, nao wengine walitambua maneno yao wakacheka, wakasema, "Hayo ni yangu." Tukaandika majina yao pembeni kwa wino. Lakini kurasa zile mbili za chemchemi hakuna aliyezitambua. Pembeni mwake mpaka leo ni peupe. Wale jamaa wamepatanishwa na wazee wa baraza, nao huteka maji kwa zamu. Lakini ni nani aliyetangulia, watoto wao hawatajua kamwe. Basi, ndugu msomaji, kama una babu au bibi aliye hai, usingoje mavuno yapite. Chukua kalamu, na kabla hujaandika neno lake la kwanza, liandike jina lake.